Kununua nyumba au kiwanja Dar es Salaam: ukaguzi wa kufanya kabla fedha haijatoka mfukoni

Wanunuzi wengi wa nyumba na viwanja jijini Dar es Salaam huanzia mwisho. Dalali huwaonyesha nyumba siku ya Jumamosi, bei hujadiliwa papo hapo chini ya mwembe, kishika uchumba hutolewa ili mteja mwingine asije akaiwahi, na Jumatatu ndipo wanapoanza kuulizia hati, mirathi na madeni. Aliyekwisha kutoa fedha huuliza maswali kwa hofu ya kuipoteza, na mwenye hofu huridhika na majibu ambayo asingeyakubali siku mbili kabla. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo: ukaguzi wa gharama ndogo unaoweza kuivunja biashara mapema ndio unaotangulia, na malipo hufuata. Yaliyoelezwa hapa yanahusu Tanzania Bara, hususan Dar es Salaam na wilaya za Pwani zinazoizunguka. Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

Unachouziwa ni nini hasa

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ameshikilia udhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo muuzaji hakuuzii udongo wenyewe, bali haki aliyonayo ya kuutumia kwa muda fulani na kwa masharti fulani, pamoja na majengo yaliyomo. Maneno hayo yanaonekana ya kisheria mno mpaka mtu anapofungua hati na kukuta kwamba ilitolewa kwa miaka 33 kuanzia mwaka 1995, maana yake inafikia kikomo mwaka 2028, ilhali bei anayotajiwa ni ya hati yenye miaka 99. Mnunuzi hurithi miaka iliyobaki, wala hapewi mingine mipya kwa sababu tu amenunua. Basi jambo la kwanza la kusoma katika hati ni tarehe ya kuanza na idadi ya miaka, kisha matumizi yaliyoidhinishwa, kwani kiwanja cha makazi hakigeuki kuwa cha hoteli au ghala kwa matakwa ya mwenye nacho. Hati nyingi huwa pia na sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36, na kiwanja kilichoachwa pori kwa miaka kumi kimebeba uvunjaji huo wa sharti hadi kwa mnunuzi wake.

Si kila anayesema ana hati ana hati miliki. Wapo wenye barua ya toleo, ile ambayo wengi wameizoea kwa jina la ofa, ambayo ni hatua ya kuelekea kwenye hati na si hati yenyewe. Wapo wenye leseni ya makazi, ambayo hutolewa katika maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, ni ya muda mfupi na huhitaji kuhuishwa. Na wapo wengi, pengine walio wengi katika mitaa ya pembezoni, ambao ushahidi wao wote ni karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo si takataka: ni ushahidi kwamba fulani alimuuzia fulani mbele ya watu waliotajwa, na katika eneo lisilopimwa mara nyingi hakuna kingine. Lakini haithibitishi kwamba yule aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Mhuri wa mtaa haujawahi kugeuza mali ya mtu kuwa ya mwingine, na ile desturi ya kudaiwa asilimia 10 ya bei ili mhuri ugongwe haina msingi katika sheria za ardhi. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri kwa sababu anawajua majirani na ugomvi wao. Mtumie kwa hilo.

Ukitoka nje ya mji kuelekea Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo, hakikisha kama eneo bado ni ardhi ya kijiji. Likiwa ni ya kijiji, inayotumika ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na uhamisho unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, yaani kikao chenye muhtasari na akidi, si saini ya mwenyekiti peke yake akiwa nyumbani kwake jioni. Tangu mwaka 1985 Mahakama ya Rufani imeshaamua kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini hiyo ni batili. Omba nakala ya muhtasari wa kikao husika.

Huko pembezoni ndiko pia vinakotangazwa viwanja vya mradi vinavyolipwa kidogokidogo kwa miezi 12 au 24. Biashara hiyo inaweza kuwa halali kabisa, ila mnunuzi anapaswa kuiona hati ya shamba mama ambalo viwanja vimekatwa, mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, na ramani ya upimaji yenye namba ya kiwanja chake. Endapo jibu ni kwamba upimaji "unaendelea", basi unachouziwa kwa sasa ni ahadi, na bei yake inapaswa kuwa bei ya ahadi.

Nenda mwenyewe, na ikiwezekana nenda mvua inaponyesha

Kwa kiwanja kilichopimwa, mlipe mpimaji aliyesajiliwa aende na ramani ya upimaji, atafute bikoni, yaani alama za mipaka zilizowekwa ardhini, na kulinganisha vipimo vya ardhini na vilivyomo kwenye ramani. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya kiwanja, na hakuna ukaguzi mwingine unaofichua mengi kwa fedha hiyo. Niliwahi kumsindikiza ndugu yangu Kigamboni kutazama kiwanja kizuri kilichokuwa karibu na barabara. Hati ilikuwa halisi, jina la muuzaji lilikuwa sahihi, na kila mtu alikuwa mkweli kwa kadiri alivyojua. Mpimaji alipofika, tukabaini kwamba kiwanja cha kwenye hati kilikuwa mita mia mbili nyuma yake, bondeni. Dalali alikuwa amekosea njia, au alituambia hivyo.

Maji ndiyo yanayofuata. Katika Dar es Salaam yenye masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, kiwanja kinachotazamwa Agosti hakitoboi siri yake. Angalia alama za maji kwenye kuta za majirani, uliza ni mwaka gani walilazimika kupandisha vitanda juu ya matofali, na tazama kama vizingiti vya milango mtaani vimeinuliwa isivyo kawaida. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wakazi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Wengine walirudi, na nyumba katika bonde hilo ziliendelea kubomolewa miaka mingi baadaye. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na ufuo wa bahari, jambo ambalo wauzaji wa viwanja vya ufukweni hawana haraka ya kulitaja.

Hifadhi ya barabara ni hatari ya namna hiyohiyo, isipokuwa yenyewe haionekani kwa macho hata mvua inaponyesha. Mwaka 2017, nyumba zaidi ya elfu moja kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya eneo la hifadhi ambalo upande mmoja pekee lilikuwa na upana wa mita 121.5. Baadhi ya nyumba hizo zilikuwa na umeme, maji na wapangaji. Kuunganishiwa huduma hakukuzipa uhalali. Kwa hiyo, kabla ya kununua karibu na barabara kuu, reli, bomba au laini ya umeme mkubwa, iulize mamlaka inayohusika upana wa hifadhi yake mahali hapo hasa.

Nyumba yenyewe ikaguliwe na fundi usiyeletewa na dalali. Nyufa zinazokwenda mshazari kutoka kwenye pembe za madirisha, unga mweupe wa chumvi unaopukutika chini ya ukuta, mabati yaliyoliwa na hewa ya bahari, karo linalofurika, na kisima chenye maji ya chumvi ni mambo yanayorekebishika, lakini kila moja lina bei na bei hiyo inapaswa kukatwa kutoka kwenye ya nyumba. Ulizia pia kibali cha ujenzi.

Upekuzi, na mtu aliye mbele yako

Ardhi iliyosajiliwa ina daftari kwa Msajili wa Hati, na yeyote anaweza kuomba upekuzi rasmi, ambao mawakili huuita sachi, kwa kulipa ada ya serikali. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, rehani kama hati iko benki, zuio lililowekwa na mtu anayedai haki, na wakati mwingine amri ya mahakama. Usikubali majibu ya upekuzi aliyoyaleta muuzaji, hata yakiwa ya wiki iliyopita; omba yako mwenyewe, na yarudie siku chache kabla ya malipo makubwa, kwa maana rehani au zuio huweza kusajiliwa katikati. Sambamba na hilo, mtake muuzaji aonyeshe kwamba kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi mwaka huu. Deni la miaka kumi na mitano pamoja na adhabu zake linaweza kuwa kubwa, na uhamisho hautakamilika mpaka lilipwe.

Upekuzi hukwambia mali ni ya nani. Haukwambii kama huyu unayezungumza naye ndiye huyo. Linganisha kitambulisho cha taifa na jina lililo kwenye hati herufi kwa herufi. Jina likitofautiana, litengenezwe kisheria kabla ya mkataba.

Ndoa ndiyo inayoangusha mauzo mengi yaliyofanywa kwa nia njema. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuiuza, kuiweka rehani au kuipangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Isitoshe, kifungu cha 160 cha sheria hiyo kinawahesabu kuwa na dhana ya ndoa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kujulikana na jamii kama mke na mume. Kwa hiyo anaposema "sijaoa", fika nyumbani, uliza majirani, na mtake aape kiapo cha maandishi kuhusu hali yake. Akiwa ameoa au ameolewa, mwenzi atie saini ya ridhaa mbele ya wakili, akiwa peke yake kwa dakika chache ili aulizwe kama anauelewa mkataba. Ikiwa wake ni zaidi ya mmoja, ulizia nyumba hii ni makazi ya yupi.

Kwa mali ya marehemu, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa, si mjane peke yake, wala si kikao cha ukoo. Kikao cha ukoo hupendekeza jina. Mahakama ndiyo inayoteua. Omba barua ya uteuzi, nenda mahakama iliyoitoa uthibitishe jalada, kisha pata ridhaa ya maandishi ya warithi wote watu wazima. Sheria inaweza kumruhusu msimamizi kuuza bila saini ya kila mrithi, lakini mrithi asiyeshirikishwa ndiye atakayekuja na zuio, na kesi ya ardhi huchukua miaka.

Muuzaji akiwa nje ya nchi na kumtuma ndugu, hati ya uwakilishi inapaswa kutaja mali hiyohiyo na mamlaka ya kuuza, na iwe imesajiliwa. Hata hivyo mpigie mwenye mali simu ya video. Upande wa pili, mnunuzi asiye raia wa Tanzania hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji na kwa utaratibu wa mamlaka ya serikali ya uwekezaji. Kuinunua kwa jina la rafiki au mchumba ni kumpa rafiki au mchumba nyumba.

Mkataba na namna ya kulipa

Wakili wako awe wako. Wakili mmoja anayewahudumia wote wawili kwa kupunguza gharama atajikuta hana wa kumtetea siku mtakapokosana. Mkataba utaje namba ya hati, kiwanja na kitalu, bei kwa tarakimu na maneno, vitu vinavyobaki ndani ya nyumba, tarehe ya kukabidhi, nani analipa kodi ipi, na nini kitatokea Kamishna wa Ardhi asipoidhinisha uhamisho. Mpangaji akiwemo, ueleze kodi yake imelipwa hadi lini. Dar es Salaam pango hulipwa kwa miezi sita au mwaka, na mnunuzi asiyeuliza hujikuta na nyumba yake lakini hana haki ya kuingia wala kodi ya kupokea.

Lipa kwa benki, kwenda kwenye akaunti yenye jina la muuzaji, na kwa awamu zinazofuata kazi iliyokamilika. Mpangilio ninaoupendelea ni sehemu ndogo wakati wa kutia saini mkataba, sehemu kubwa pale muuzaji anapokabidhi hati halisi na fomu za uhamisho zilizosainiwa, yaani fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, na kiasi kilichobaki baada ya jina kubadilika kwenye daftari. Muuzaji mkweli anaweza kuupinga akihofia kwamba ni yeye atakayebaki bila mali wala fedha. Hofu hiyo ni halali, na dawa yake ni kumwachia wakili anayekubalika kwa pande zote mbili au benki kiasi hicho cha mwisho kwa masharti yaliyoandikwa. Anayepinga kila namna ya usalama amekusaidia kufanya uamuzi.

Kuhusu kodi, muuzaji mkazi hulipa asilimia 10 ya faida aliyoipata, na mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 1. Faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama zinazothibitika: aliyenunua kwa shilingi milioni 40, akajenga kwa milioni 20 zenye risiti, na kuuza kwa milioni 100, amepata faida ya milioni 40 na kodi yake ni milioni 4. Thamani ambayo serikali huitumia kukokotoa kodi hutokana na ripoti ya mthamini aliyesajiliwa iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa hiyo kuandika mkataba wa bei ya chini ili kukwepa kodi hakusaidii sana. Humwumiza mnunuzi, ambaye siku atakapouza ataonekana amepata faida ambayo hakuipata. Kodi ya muuzaji isipolipwa, uhamisho haupiti, na ndiyo maana ni vyema ikatwe kwenye bei na kulipwa moja kwa moja Mamlaka ya Mapato.

Ukinunua ili kupangisha

Hapa hesabu ndiyo inayotangulia, na wengi huiruka kwa kuamini kwamba nyumba haipotezi. Chukua mfano wa nyumba ya shilingi milioni 150 inayopangishwa kwa laki saba kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 8.4, sawa na asilimia 5.6 ya bei. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu, inabaki milioni 7.7, toa kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, yaani 770,000, na matengenezo ya 800,000, inabaki takriban milioni 6.13, ambayo ni asilimia 4 na kitu kidogo. Kodi ya majengo, inayokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu mwaka 2021, ni ndogo na haibadili picha. Linganisha sasa na hatifungani ya serikali (fedha unazoikopesha serikali kwa riba) ya miaka 25, ambayo Benki Kuu iliishusha riba yake mwaka 2022 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56: hata baada ya kushushwa, milioni 150 zingeleta zaidi ya milioni 18 kwa mwaka bila mpangaji wala fundi bomba.

Nyumba hiyo basi inakuwa uwekezaji wenye maana endapo tu una sababu ya kuamini kwamba thamani yake itapanda kwa asilimia nane au zaidi kila mwaka, na sababu hiyo iwe kitu kinachoonekana, kama barabara inayojengwa au chuo kilichofunguliwa, si maneno ya dalali kwamba "huku kunakua". Kwa mtazamo wangu, anayetaka kipato cha kila mwezi afikirie vyumba kadhaa vidogo vyenye choo ndani na mita zake za LUKU, karibu na chuo, hospitali au stendi, kuliko nyumba moja kubwa yenye uzio. Mpangaji mmoja akiondoka, wengine wanabaki. Mkopo wa benki kwa nyumba ya kupangisha nauona mzigo, kwa kuwa riba ya tarakimu mbili hailipwi na pango la asilimia tano, na tofauti itatoka kwenye mshahara wako.

Anayenunua ghorofani asome Sheria ya Hati za Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, kisha aulize mambo mawili: je, jengo limekwisha kugawanywa ili kila sehemu ipate hati yake, na ada ya huduma za pamoja ni kiasi gani na inasimamiwa na nani. Lifti iliyokufa kwa miezi sita hushusha kodi ya ghorofa ya saba haraka kuliko kitu kingine.

Hati ikishatoka kwa jina lako, badilisha majina kwenye ankara ya maji, weka namba yako kwenye mfumo wa pango la ardhi ili madai yakufikie, na hifadhi risiti zote za ujenzi mahali pamoja. Kiwanja kikibaki wazi, kizungushie uzio, mpe mlinzi mkataba wa maandishi unaoeleza kwamba yupo hapo kwa ruhusa yako, na kitembelee walau mara moja kwa mwaka ukiwa na picha zenye tarehe, kwa sababu muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12, na mvamizi aliyejenga akakaa bila kuulizwa huanza kuihesabu tangu siku aliyoingia.